Chanjo kavu: Anayekausha siye anayeokoa gharama

MFANYABIASHARA wa karafuu wa Unguja au Pemba hahitaji semina juu ya faida ya kukausha. Kilo 3 hivi za karafuu mbichi zikianikwa zikakauka sawasawa hutoa kilo 1, na kilo hiyo moja ndiyo inayokaa ghalani, inayopanda meli na inayopata bei. Mbichi haina soko. Ndivyo ilivyo kwa mwani wa pwani ya mashariki, na ndivyo ilivyo kwa dagaa wa Unguja wanaokaushwa na kupelekwa hadi Kongo.

Hata hivyo, ipo bidhaa moja ya gharama kubwa ambayo wenye viwanda wa Ulaya na Marekani wameiuza duniani ikiwa mbichi, imefukiwa katika barafu, na wanunuzi wa nchi za joto wakaipokea hivyo hivyo. Bidhaa hiyo ni chanjo za mRNA, zile zilizopata jina wakati wa UVIKO-19, pamoja na dawa nyingine za jeni zinazobebwa ndani ya vitone vya mafuta.

Maabara na viwanda vimekwisha kuonyesha kwamba bidhaa hii nayo hukaushika. Kinachobaki ni hesabu ya kibiashara: nani alipe gharama ya kukausha, na nani anavuna faida yake. Hesabu hiyo ikipigwa vizuri inaonyesha kwamba mnunuzi asiyelitamka jambo hili katika zabuni yake hataletewa kichupa kikavu, hata kama sayansi ipo tayari.

BIDHAA YENYEWE

mRNA ni uzi mwembamba wa maelekezo ya jeni. Ukifika ndani ya chembe ya mwili, uzi huo huiambia chembe itengeneze protini fulani, na kinga ya mwili hujifunza kutokana na protini hiyo. Kasoro yake ni udhaifu. Ukiachwa wazi katika damu hukatwa vipande mara moja.

Kwa sababu hiyo hufungwa ndani ya kitone cha mafuta cha upana wa nanomita 100 hivi. Vitone 10,000 vya namna hiyo vikipangwa mstari mmoja havizidi milimita 1. Kitone kimeundwa kwa aina nne za mafuta, ikiwemo kolesteroli, na kila aina ina kazi yake: moja hushika uzi wa mRNA, nyingine hujenga ukuta, nyingine huzuia vitone visigandamane.

Dawa ya kwanza ya jeni iliyobebwa kwa vitone hivi, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu. Miaka miwili baadaye, Desemba 2020, zikafuata chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna. Mwaka 2023 Katalin Karikó na Drew Weissman walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyowezesha chanjo hizo.

Adui wa bidhaa hii ni maji. Ndani ya maji uzi wa mRNA hukatika kidogo kidogo, mafuta huchacha, na vitone hushikana vikawa mabonge. Baridi hupunguza kasi ya uharibifu huo. Ndiyo maana chanjo ya Pfizer ilitakiwa ihifadhiwe kati ya nyuzi 60 na 90 chini ya sifuri, na ya Moderna kati ya nyuzi 15 na 25 chini ya sifuri. Mwanzoni chanjo ya Pfizer iliyokwisha kuyeyushwa iliruhusiwa kukaa siku 5 tu katika friji ya kawaida. Mei 2021 muda huo uliongezwa hadi mwezi mmoja.

Kwa lugha ya ghalani, hii ilikuwa samaki mbichi. Ikitoka kwenye barafu, saa inaanza kuhesabu.

JINSI INAVYOKAUSHWA

Dawa hizi hazianikwi juani. Hukaushwa kwa kugandisha, kazi yenye hatua tatu. Kwanza vichupa hugandishwa. Pili, hewa hunyonywa kwa pampu mpaka barafu igeuke mvuke bila kupitia hali ya maji. Tatu, joto hupandishwa taratibu ili kuondoa unyevu uliojificha. Kinachobaki ni kipande cheupe kama cha chaki laini, chenye unyevu wa asilimia chache tu.

Shida iko katika hatua ya kugandisha. Barafu inapoota ndani ya kichupa husukuma vitone vya mafuta pembeni na kuvibana, navyo hupasuka au kuungana. Kitone cha nanomita 100 hugeuka bonge la nanomita mia kadhaa, na mRNA iliyokuwa ndani humwagika.

Dawa ya shida hiyo ni sukari. Sukrosi au trehalosi ikitiwa kwa kipimo kizuri huwa kama kioo kigumu kinachozunguka kila kitone, na kushika nafasi ya maji yaliyoondoka. Sukari hii ni ya daraja la dawa, iliyosafishwa na kupimwa kwa masharti makali. Mfanyabiashara atakayeambiwa kwamba kiwanda cha sukari cha Mahonda kinaweza kuuza malighafi hiyo kesho ajue anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwemo Weissman mwenyewe, walichapisha matokeo ya vitone vya mRNA vilivyokaushwa kwa njia hii. Vilikaa wiki 12 katika joto la kawaida la chumbani na wiki 24 katika nyuzi 4 bila kubadilika kiasi cha kutia shaka, na vilipochanganywa na maji na kudungwa panya vilifanya kazi. Ikumbukwe kwamba joto la chumbani la Philadelphia si joto la ghala la bati Unguja mwezi wa Februari.

Sokoni nako hatua imepigwa. Chanjo ya UVIKO-19 iitwayo Kostaive, iliyobuniwa na kampuni ya Arcturus ya Marekani, iliidhinishwa Japani Novemba 2023 na Umoja wa Ulaya mwaka 2025. Hiyo hutoka kiwandani ikiwa unga katika kichupa. Kwa hiyo anayesema chanjo ya mRNA haikaushiki amepitwa na wakati.

AFRIKA MASHARIKI INAIJUA BIASHARA HII

Jambo hili si geni katika eneo hili. Ndui ilikomeshwa na chanjo kavu. Katika miaka ya 1950 Leslie Collier wa Taasisi ya Lister, Uingereza, alifanikisha njia ya kukausha chanjo ya ndui kwa kiwango cha kiwanda. Shirika la Afya Duniani likaweka sharti kwamba chanjo hiyo ibaki na nguvu baada ya kukaa mwezi mmoja katika joto la nyuzi 37. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, alipatikana Merka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru.

Kichupa cha maji chenye kudai barafu kisingefika vijiji vya Ogaden na Merka. Kilichofika ni unga.

Mpaka leo chanjo ya kifua kikuu na ya surua wanayodungwa watoto wa Unguja hufika zikiwa kavu, na muuguzi huzichanganya na maji yake maalumu kabla ya kudunga. Aidha, dawa ya AmBisome, ambayo ni vitone vya mafuta vyenye dawa ya kuua vimelea, hukaushwa pamoja na sukrosi na kuhifadhiwa katika joto lisilozidi nyuzi 25. Hutumika kutibu kala azar, ugonjwa unaosumbua sehemu za Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan. AmBisome haibebi jeni, lakini imethibitisha kwa miaka mingi kwamba kitone cha mafuta kinaweza kusafiri kikiwa kikavu.

UMEME WA KISIWANI

Kwa nini Zanzibar ijali zaidi kuliko Nairobi au Johannesburg? Jibu liko chini ya bahari.

Umeme wa Unguja hupitia kwenye waya unaotoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi 3, hadi Machi 2010. Wafanyabiashara wa Darajani na wenye hoteli wanakumbuka bei ya jenereta ilivyopanda na samaki walivyooza katika mafriza. Hospitali nazo ziliishi kwa dizeli.

Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wa megawati 100 na hali ikawa nafuu. Hata hivyo friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri haisamehi. Friji ya kawaida yenye barafu nzuri inaweza kuvumilia saa kadhaa bila umeme, lakini bidhaa inayotaka baridi ya kupindukia hutegemea mashine ghali, fundi wake, vipuri vyake na barafu kavu inayopungua kila saa.

Tarehe 24 Julai 2021 Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson kutoka Marekani. Hiyo ilifaa kwa sababu iliweza kukaa katika friji ya kawaida. Baadaye mwaka huo chanjo ya Pfizer nayo ikaingia nchini, na pamoja nayo ukaja mzigo wa baridi ya kupindukia. Kwa nchi yoyote ya joto, uchaguzi wa chanjo uligeuka kuwa uchaguzi wa friza.

HESABU YA MFANO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msomaji achukue kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, zimewekwa ili kuonyesha njia ya kuhesabu.

Tuseme mnunuzi anataka dozi 1,000. Chanjo ya maji inauzwa kiwandani kwa Sh 10,000 kwa dozi, na nauli pamoja na baridi kali hadi kituo cha afya ni Sh 3,000 kwa dozi. Jumla ni Sh 13,000,000. Dozi 200 zikiharibika njiani na ghalani, zinabaki 800 zilizoingia mkononi mwa mgonjwa. Kila dozi iliyodungwa imegharimu Sh 16,250.

Chanjo kavu inauzwa ghali zaidi, Sh 12,500 kwa dozi, maana kukausha ni kazi ya siku kadhaa, inakula umeme, na mashine yake ni ya bei kubwa. Lakini nauli na friji ya kawaida ni Sh 1,000. Jumla ni Sh 13,500,000. Zikiharibika dozi 50 tu, zinabaki 950. Kila dozi iliyodungwa imegharimu Sh 14,211 hivi.

Kwa bei ya kiwandani, kavu ni ghali kwa asilimia 25. Kwa bei ya mkononi, kavu ni rahisi kwa zaidi ya Sh 2,000 kwa dozi. Cha rahisi ghali, wahenga walisema, na hapa hesabu inawaunga mkono.

Lakini mtu mkweli ageuze daftari upande wa pili. Kama mnunuzi wa chanjo ya maji ana friza nzuri na wafanyakazi makini, na dozi zinazomharibikia ni 50 tu, basi kila dozi yake itamgharimu Sh 13,684. Hapo chanjo ya maji inashinda. Kukausha kunalipa pale tu ambapo baridi ni ghali au haina uhakika. Mjini London huenda kusilipe. Tumbatu, Makunduchi na Micheweni ni habari nyingine.

Kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni idadi ya dozi katika kichupa. Unga ukishachanganywa na maji, saa huanza kukimbia kama kawaida. Kichupa cha dozi 16 kikifunguliwa kituoni palipo na watu 5, dozi 11 zinamwagwa. Kwa hiyo faida yote ya kukausha inaweza kupotea mezani kwa muuguzi. Kisiwa chenye vituo vidogo vingi kinahitaji vichupa vidogo, navyo pia vina bei yake.

MAHALI PALIPO NA KIKWAZO

Mwenye kiwanda ndiye anayelipa mashine ya kukausha, umeme wake na siku zake. Anayeokoa gharama ni mwenye ghala, mwenye gari la baridi na mwenye kituo cha afya, ambao wako maelfu ya kilomita kutoka hapo. Mwenye kiwanda hapati hata senti ya dizeli iliyookolewa Unguja. Kwa nini basi akaushe?

Katika karafuu tatizo hili halipo, kwa sababu mkulima anayekausha ndiye anayelipwa bei ya kavu. Mnunuzi hatoi bei hiyo kwa mbichi. Katika chanjo, wanunuzi wamekuwa wakilinganisha zabuni kwa bei ya kiwandani au bei ya bandarini, kisha gharama ya baridi inaingizwa katika kifungu kingine cha bajeti, mara nyingi cha mfadhili mwingine. Matokeo yake hakuna daftari moja linaloonyesha hasara yote.

Ushahidi upo kwamba daftari hilo likiandikwa, mambo hubadilika. MenAfriVac, chanjo kavu ya homa ya uti wa mgongo iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, mwaka 2012 iliruhusiwa kukaa nje ya friji hadi siku 4 katika joto lisilozidi nyuzi 40. Utafiti wa nchini Chad uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba gharama ya baridi na usafirishaji kwa kila mtu aliyechanjwa ingeshuka kutoka senti 24 za dola hadi senti 12. Hiyo ni nusu.

Zanzibar peke yake ni mnunuzi mdogo. Chanjo nyingi za watoto hununuliwa kupitia UNICEF kwa fedha za Gavi na mchango wa serikali, tena pamoja na Bara. Lakini udogo si sababu ya kukaa kimya. Nchi za Afrika Mashariki zikisema kwa sauti moja kwamba zabuni za chanjo za mRNA zitapimwa kwa gharama ya dozi iliyodungwa, kiwanda kitasikia. Juni 2024 Gavi ilizindua mfuko wa hadi dola bilioni 1.2 kwa miaka 10 wa kuwalipa watengenezaji wa chanjo barani Afrika. Mfuko kama huo ukitoa nyongeza kwa kichupa kinachovumilia joto, anayekausha ataanza kulipwa kwa kazi yake.

Waagizaji binafsi wa dawa nao wana nafasi. Hospitali za binafsi na hoteli za kitalii hununua dawa kwa fedha zao wenyewe. Mwagizaji akiwauliza wauzaji wa Dubai au Mumbai bei mbili, ya maji na ya kavu, pamoja na masharti ya joto kwa maandishi, soko litajua kwamba yupo anayeuliza.

NAFASI YA MBWENI

Mbweni, kusini ya Mji Mkongwe, watalii wanaijua kwa magofu ya skuli ya wasichana waliokombolewa utumwani, iliyojengwa na wamisionari wa UMCA katika miaka ya 1870, na kwa nyumba ya John Kirk, balozi wa Uingereza na mtaalamu wa mimea aliyeotesha miti ya kigeni kitongojini hapo. Kwa biashara ya dawa, umuhimu wa Mbweni ni chuo cha afya, ambacho sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Wauguzi na mafundi dawa wanaosomea hapo ndio watakaoshika vichupa vyenyewe.

Kichupa kikavu hakimalizi kazi. Kinaihamishia kwa mchanganyaji. Mei 2017 watoto 15 walifariki Sudan Kusini, eneo la Kapoeta, baada ya kudungwa chanjo ya surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la sindano la kuchanganyia lilitumika kwa siku 4 na chanjo ilikaa bila baridi, ikaingia vijidudu. Chanjo yenyewe ilikuwa kavu na nzuri ilipotoka kiwandani. Kosa lilikuja baada ya maji kuingia.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya chanjo kavu Zanzibar isiende kwenye ndoto ya kiwanda. Iende Mbweni, kwenye mafunzo ya kuchanganya, kuandika saa ya kufungua kichupa, na kumwaga kilichopita muda wake bila kuona haya.

Shilingi ya pili ingefaa iende kwenye maabara ndogo ya ukaguzi, itakayosaidiana na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Vipimo vinavyohitajika havizidi vinne: unyevu uliobaki katika unga; ukubwa wa vitone baada ya kuchanganywa; kiasi cha mRNA kilichobaki ndani ya vitone; na kama chembe hai zikipewa dawa hiyo zinatengeneza protini iliyokusudiwa. Viwili vya kwanza vinawezekana kwa mashine za mezani. Viwili vya mwisho vinadai utaalamu zaidi, na chuo kinaweza kuujenga hatua kwa hatua.

Bila vipimo hivyo, mnunuzi hawezi kujua kama alichouziwa ni kavu iliyo hai au kavu iliyokufa. Kwa macho zote ni unga mweupe. Mnunuzi wa karafuu huvunja konyo na kunusa. Mnunuzi wa chanjo hana pua ya namna hiyo.

ONYO KWA MWEKEZAJI MDOGO

Neno "kavu" litaanza kutumika kuuzia hisa, na hapo ndipo mwekezaji mdogo anapotakiwa kushika mfuko wake.

Katika orodha ya Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni inayotengeneza chanjo za mRNA. Anayetaka hisa hizo atalazimika kununua New York kupitia wakala, na huko bei imekwisha kuwaunguza wengi. Agosti 2021 hisa moja ya Moderna ilipita dola 450. Mwaka 2025 iliuzwa chini ya dola 30. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ya Marekani ilitangaza kufuta miradi 22 ya mRNA yenye thamani ya karibu dola milioni 500.

Oktoba 2025 Moderna ilitangaza kwamba chanjo yake ya virusi vya CMV haikufikia lengo katika majaribio ya mwisho. Chanjo hiyo nayo ilikuwa ya unga uliokaushwa. Somo ni kwamba kukausha hakuifanyi chanjo dhaifu kuwa na nguvu. Kunahifadhi kile kilichomo, kiwe kizuri au kibaya.

Kwa upande wa viwanda, Machi 2022 Moderna ilitia saini na Kenya makubaliano ya kujenga kiwanda cha dola milioni 500. Aprili 2024 mradi ukasimamishwa, na kampuni ikaeleza kwamba haikuwa imepata oda za Afrika tangu 2022. Kwa upande mwingine, BioNTech ilizindua kiwanda chake Kigali Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani limejenga kituo cha kufundishia mRNA katika kampuni ya Afrigen, Cape Town. Tofauti ya miradi hii inafundisha jambo moja: kiwanda hufuata oda, na oda hufuata mnunuzi anayejua anachotaka.

Mwekezaji akiletewa karatasi ya kampuni inayodai kukausha vibeba-jeni vya mafuta, aulize maswali matano kabla ya kutoa hata shilingi. Je, bidhaa imekaa miezi mingapi, na katika joto gani? Je, kipimo kilifanywa kwa panya au kwa watu? Je, vitone vilibaki na ukubwa ule ule baada ya kuchanganywa? Je, mamlaka ipi ya dawa imeidhinisha? Na je, nani ametia saini ya kununua? Kampuni inayojibu manne ya kwanza vizuri na kunyamaza kwa la tano ni ya wanasayansi, bado haijawa ya wafanyabiashara.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo wanaosema kelele hizi ni za bure. Wanadai kwamba friza zinashuka bei, waya wa umeme ni mpya, paneli za jua zimeenea, na kwamba chanjo za maji zinazokaa miezi mingi katika friji ya kawaida zinakuja. Hoja hii ina uzito. Kama chanjo ya maji itakaa mwaka mmoja katika nyuzi 2 hadi 8, basi Zanzibar ina mtandao wa friji hizo tayari kwa ajili ya watoto, na nyongeza ya bei ya kukausha itakuwa hasara.

Hata hivyo hoja hiyo haiui pendekezo, inalipa nguvu. Mnunuzi anayepima zabuni kwa gharama ya dozi iliyodungwa hajaifunga mikono yake kwa kavu wala kwa maji. Atakayempa dozi hai, Micheweni, kwa bei nafuu, ndiye atakayeshinda. Kinachopingwa ni tabia ya kununua kwa bei ya bandarini huku hasara ikifichwa katika dizeli, vipuri na vichupa vinavyomwagwa usiku.

LA KUFANYA

Yapo mambo matatu yasiyohitaji kusubiri sayansi mpya wala mfadhili mpya. Bohari Kuu ya Dawa iandike katika daftari moja bei ya kununulia, gharama ya baridi na idadi ya dozi zinazoharibika, kwa kila aina ya chanjo. Wizara ya Afya ya Zanzibar na wenzake wa Bara wapeleke katika vikao vya Afrika Mashariki sharti la kupima zabuni kwa dozi iliyodungwa. Na chuo cha Mbweni kipewe fedha za kufundisha uchanganyaji na kuanza vipimo viwili vya kwanza.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Jumuiya zao husikilizwa panapojadiliwa kodi na bandari. Zinaweza kusikilizwa panapojadiliwa ununuzi wa dawa, kwa sababu fedha inayopotea katika friza ni kodi yao.

Mkulima wa Pemba hujituma kuanika kwa sababu ghala la serikali linampa bei ya kavu. Mwenye kiwanda cha chanjo hatajituma kwa sababu nyingine. Mnunuzi aitangaze bei hiyo kwanza, ndipo ahoji kwa nini unga haujafika.